Émile Baudot: mtoto wa mkulima ambaye jina lake liligeuka kipimo cha mwendo wa habari

Fundi aliyewahi kufunga modemu kwenye waya wa simu, au kuendesha mashine ya teleksi wakati wa Zaire, analijua neno baudi. Liliandikwa kwenye vitabu vya maelekezo, na hadi leo linatokea kwenye kompyuta wakati mtu anapotaka kuiunganisha na kifaa kwa waya wa zamani. Wachache wanajua kwamba neno hilo ni jina la mtu. Wachache zaidi wanajua kwamba mtu huyo alitoka shambani, hakusoma zaidi ya shule ya msingi ya kijiji chao, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha akiwa mgonjwa.

Jean-Maurice-Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, jimbo la Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima, na baadaye akawa meya wa kijiji. Émile alipomaliza shule ya msingi alirudi kulima pamoja na baba yake. Hakukuwa na liseo wala chuo kikuu katika njia yake. Mwaka 1869, akikaribia umri wa miaka 24, aliingia katika idara ya posta na telegrafu ya Ufaransa kama mwanagenzi, mtu wa kufundishwa kazi akiwa kazini.

Telegrafu ya wakati huo ilikuwa kazi ya mkono na sikio. Mtumaji alibonyeza kifaa chake, umeme ukapita kwenye waya, na upande wa pili mwenzake akasoma nukta na mistari ya Morse. Waya mmoja ulikuwa wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kama kulikuwa na telegramu hamsini za kwenda Bordeaux, zilipanga foleni. Dawa ya kawaida ilikuwa kuongeza waya, na waya ulikuwa mali ya gharama: nguzo mamia kwa mamia, vikombe vya kuzuia umeme usipotee, na watu wa kutembea kando ya mstari wakitengeneza palipokatika.

Mwendo wenyewe ulipimwa kwa maneno kwa dakika. Kipimo hicho kilionekana rahisi, lakini kilikuwa na kasoro. Neno moja lina herufi tatu, jingine lina kumi na mbili. Zaidi ya hapo, katika Morse herufi hazilingani: E ni nukta moja tu, lakini J ni nukta moja na mistari mitatu. Watu wa Morse walikuja kuchukua neno PARIS kama neno la mfano, kwa sababu ukihesabu nukta, mistari na nafasi zake zote unapata vipande 50 kamili. Mtu anayetuma PARIS mara 24 kwa dakika anatuma vipande 1200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Hesabu hiyo itahitajika tena mbele.

Idara ilimfundisha Baudot Morse, kisha ikampeleka kwenye mafunzo ya miezi minne juu ya mashine ya Hughes. Mashine hiyo, kazi ya David Edward Hughes, ilikuwa na vibonye kama vya piano na iliandika herufi zenyewe kwenye karatasi. Gurudumu lenye herufi lilizunguka bila kusimama, na mpigo mmoja wa umeme, ukifika kwa wakati wake barabara, uliichapa herufi iliyokuwa mbele ya karatasi. Ilikuwa mashine ya akili sana. Lakini kijana wa Magneux aliona jambo moja: mpigo ulichukua muda mfupi mno, na muda wote uliobaki, wakati gurudumu likizunguka kuitafuta herufi inayofuata, waya ulikaa bure. Serikali ilikuwa imelipa pesa nyingi kwa waya ambao karibu wakati wote haukubeba kitu.

Vita ya Ufaransa na Prussia ya mwaka 1870 ilikatiza kazi. Baudot alitumika jeshini kwa muda mfupi, na mwaka 1872 alikuwa Paris tena kwenye kazi ya kiraia. Wakubwa wake walimtia moyo aendelee na wazo lake la kupitisha telegramu kadhaa kwenye waya mmoja, lakini kwa sharti ambalo wafanyakazi wengi wa serikali wanalifahamu: afanye hivyo katika wakati wake mwenyewe, nje ya saa za kazi.

Ni haki kusema kwamba hakuanza na mikono mitupu. Jean-Bernard Meyer alikuwa ameonyesha mwaka 1871 kwamba watumaji kadhaa wa Morse wanaweza kupokezana waya mmoja kwa zamu. Gauss na Weber, Wajerumani wawili, walikuwa wamefikiria zamani alfabeti ya vipande vitano vinavyolingana. Na Hughes alikuwa ameonyesha jinsi mashine inavyoweza kuchapa. Baudot alivichukua vitu hivyo vitatu akavifanya kuwa mashine moja inayofanya kazi. Tarehe 17 Juni 1874 alipata hati ya uvumbuzi kwa kile alichokiita mfumo wa telegrafu ya haraka.

Msingi wake ulikuwa usawa. Badala ya herufi fupi na ndefu, kila herufi ilipewa nafasi tano za muda uleule. Katika kila nafasi umeme uko upande mmoja au upande wa pili, hakuna cha tatu. Mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara mbili: mchanganyiko 32. Hiyo inatosha alfabeti yote, na kwa kutenga alama za kubadilisha, mchanganyiko uleule ukatumika pia kwa tarakimu na vituo. Leo mtu angesema herufi moja ilikuwa na biti tano, ingawa neno biti lilikuwa bado halijazaliwa.

Mtumaji alikaa mbele ya vibonye vitano tu, viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya mkono wa kulia. Ili kutuma herufi alibonyeza kwa pamoja vile vinavyohusika, kama mpiga kinanda anayebonyeza sauti kadhaa mara moja. Kisha kulikuwa na sahani ya duara iliyogawanywa vipande vya chuma, na juu yake brashi ya chuma ikizunguka kwa mwendo wa saa. Sahani ya namna hiyo ilikuwa Paris, na nyingine Bordeaux, zikizunguka sawasawa. Brashi ilipopita kwenye vipande vitano vya mtumaji wa kwanza, waya ulikuwa wake. Ilipofika kwenye vitano vinavyofuata, waya ulikuwa wa mtumaji wa pili, na hivyohivyo mpaka wa mwisho, kisha ikarudi kwa wa kwanza.

Ni kama watu wanne kwenye robine moja ya mtaa. Mmoja akijaza kikombe, wengine watatu wanamimina vyao kwenye ndoo. Robine haifungwi hata mara moja, na kila mtu anaondoka na ndoo yake kana kwamba robine ilikuwa yake peke yake.

Ugumu ulikuwa kwa mtumaji. Hakuweza kuandika kwa mwendo alioutaka. Mashine ilimpigia mlio mdogo kumjulisha kwamba zamu yake imefika, na vidole vilipaswa kuwa tayari. Akichelewa, zamu imepita. Mwendo wa kawaida ulikuwa mizunguko 180 kwa dakika, yaani mitatu kwa sekunde, na kila mzunguko ulimpa herufi moja. Herufi 180 kwa dakika, ukihesabu neno kuwa herufi tano na nafasi moja, ni maneno 30 kwa dakika. Kwa mtu mmoja si mwendo wa kutisha. Lakini wakiwa wanne kwenye waya mmoja ni maneno 120, na hapo ndipo wakubwa wa idara walipoanza kusikiliza vizuri.

Hesabu hiyohiyo inaweza kufanywa kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyobeba jina la Baudot hadi leo. Herufi moja ni vipande vitano. Watumaji wanne ni vipande 20 kwa mzunguko. Mizunguko mitatu kwa sekunde ni vipande 60 kwa sekunde, bila kuhesabu vile vya ziada vilivyotumika kuzifanya sahani mbili zizunguke pamoja. Hapo hakuna tena swali la neno refu au fupi, herufi E au J, mtumaji hodari au mvivu. Kuna waya, na kuna idadi ya vipande unavyoweza kubeba kwa sekunde moja.

Idara iliukubali mfumo huo mwaka 1875. Majaribio ya kwanza kwenye mstari wa kweli, kati ya Paris na Bordeaux, yalifanyika tarehe 12 Novemba 1877, na kabla ya mwaka kwisha mstari wa Paris na Roma ulikuwa nao pia. Mwaka 1878 mashine ilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Paris ikapata medali ya dhahabu. Mwanagenzi wa mwaka 1869 akapandishwa cheo kuwa kontrola mwaka 1880, na mwaka 1882 akawa inspekta-mhandisi. Kwa mtu asiye na diploma, katika utawala wa Ufaransa uliopenda sana watu wa shule kubwa, halikuwa jambo dogo.

Lakini sifa ilileta kesi. Mfanyakazi mwingine wa telegrafu, Louis Victor Mimault, alidai kwamba wazo lilikuwa lake kwanza. Alikuwa na hati yake mwenyewe ya mfumo uliofanana, na mwaka 1877 alimshitaki Baudot. Mahakama ya kiraia ya Seine iliwasikiliza wataalamu watatu wasio wa idara, kisha ikampa haki Mimault: yeye ndiye wa kwanza, na hati za Baudot ni marekebisho tu ya kazi yake. Hakuna aliyeridhika. Kesi iliendelea, uamuzi wa kwanza ukafutwa, na safari hii Mimault akaamriwa kulipa gharama zote.

Pigo hilo lilimvunja. Alifikia hatua ya kuwapiga risasi na kuwajeruhi wanafunzi wa chuo cha École Polytechnique, ingawa mashtaka hayo yaliachwa. Baadaye aliidai serikali iongeze muda wa hati zake, impe faranga 100,000, na imtunukie nishani ya Légion d'honneur. Tume iliyoongozwa na Jules Raynaud, mmoja wa wakuu wa utafiti wa telegrafu, iliyakataa madai hayo. Mwaka 1888 Mimault alimpiga Raynaud risasi akamuua. Alihukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu, na baada ya hapo uhamisho.

Kisa hiki mara nyingi hutajwa kama kichekesho cha kando katika historia ya mashine, na si haki. Mtu alikufa kwa sababu ya swali la nani alitangulia kuhesabu mpaka tano, wakati Gauss na Weber walikuwa wamelijibu sehemu yake miaka mingi kabla. Na Mimault hakuwa mwongo mtupu, kwa kuwa mahakama moja ilimwamini. Tofauti kati yake na Baudot ilikuwa kwamba mashine ya Baudot ilisimama kwenye ofisi na kutuma telegramu kila siku, na mashine inayofanya kazi ina ushahidi wake.

Baudot mwenyewe hakuwa na maisha mepesi. Tangu miaka ya mwanzo ya kazi alisumbuliwa na maradhi yasiyomwacha. Mara kwa mara alikosa kazini, wakati mmoja kwa mwezi mzima. Alioa akiwa amechelewa, mwezi wa Januari 1890, akiwa na miaka 44. Mke wake alifariki mwezi wa Aprili mwaka huohuo, baada ya miezi mitatu tu ya ndoa. Tarehe 8 Agosti 1890, miezi minne baada ya msiba, Baudot alifanikisha mawasiliano kati ya Paris, Vannes na Lorient, miji mitatu kwenye waya mmoja.

Kazi haikusimama. Mwaka 1887 alikuwa amekwisha kuijaribu mashine yake kwenye kebo ya chini ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 1894 aliweka mashine ya watumaji watatu kati ya Paris na Bordeaux, mstari uliokuwa ukisumbua chini ya mfumo wa Hughes, na mwezi wa Aprili mwaka huo aliunganisha soko la hisa la Paris na lile la Milan kwa waya mmoja, akitumia kifaa kipya cha kupokea ishara iliyochoka njiani na kuituma tena ikiwa na nguvu. Wafanyabiashara wa hisa ni watu wasiosubiri, na kwa mashine ya telegrafu hakuna mtihani mkali kuliko wao. Mwaka 1897 mfumo ukaongezwa ukanda wa karatasi unaotobolewa kabla ya kutuma, ili vidole vya mtumaji visitegemee tena ule mlio wa zamu. Mwaka huohuo Waingereza waliutumia kati ya London na Paris. Warusi nao waliupokea kwa mikono miwili, na mashine waliyoiita Bodo iliendelea kutumika kwao hata wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, pale makao makuu ya jeshi mjini Moscow yalipozungumza na makamanda walioko mstari wa mbele.

Émile Baudot alifariki tarehe 28 Machi 1903 huko Sceaux, karibu na Paris, akiwa na miaka 57.

Wakati huo alfabeti yake ilikuwa tayari imeanza kubadilishwa na mtu mwingine. Mwaka 1901, Donald Murray, raia wa New Zealand, alibadilisha mpangilio wa mchanganyiko 32 ili ufae kibodi ya kawaida kama ya mashine ya kuandikia, na herufi zinazotumika sana zipate matobo machache kwenye karatasi. Mpangilio wa Murray ndio uliozaa alfabeti ya pili ya kimataifa ya telegrafu, ile iliyotumiwa na teleksi. Watu wengi wanaiita hadi leo alfabeti ya Baudot, ingawa kwa haki ni ya Murray.

Kipimo kilikuja mwaka 1926. Kamati ya kimataifa ya ushauri wa telegrafu ilikutana Berlin na kukubali kwamba mwendo wa telegrafu upimwe kwa idadi ya vipande vya ishara kwa sekunde, na kwamba kimoja kwa sekunde kiitwe baudi, kwa heshima ya Baudot. Alama yake ni Bd. Ukitaka kujua baudi za mstari, chukua muda wa kipande kifupi kuliko vyote, kisha ugawe sekunde moja kwa muda huo. Kipande cha sehemu 20 za elfu ya sekunde kinatoa baudi 50. Yule mtu wa Morse anayetuma PARIS mara 24 kwa dakika yuko kwenye baudi 20.

Hapo ndipo lilipoanza kosa ambalo limewasumbua mafundi kwa karibu miaka mia moja. Baudi haihesabu habari. Inahesabu mabadiliko ya ishara kwenye waya. Katika mashine ya Baudot vitu hivyo viwili vilikuwa karibu kitu kimoja, kwa sababu kila kipande kilikuwa ndiyo au hapana. Lakini tayari kwenye teleksi vilitengana. Teleksi ilikwenda kwa baudi 50. Kila herufi ilikuwa na vipande vitano vya habari, ikatanguliwa na kimoja cha kuanza na kufuatwa na kimoja na nusu cha kusimama, jumla saba na nusu. Gawa 50 kwa 7 na nusu: herufi 6 na theluthi mbili kwa sekunde, au 400 kwa dakika, ambayo ni karibu maneno 66. Habari yenyewe ilikuwa biti 33 na kitu kwa sekunde, si 50. Theluthi ya mwendo ililiwa na salamu za kuingia na kutoka.

Modemu ziligeuza mambo upande wa pili. Laini ya simu haikuweza kubeba mabadiliko mengi kwa sekunde, basi wahandisi wakafanya kila badiliko libebe biti zaidi ya moja, kwa kutumia ngazi na pembe tofauti za wimbi. Modemu ya kwanza kuenea Marekani ilikwenda kwa baudi 300 na biti 300 kwa sekunde, na hapo watu wakazoea kusema baudi wakimaanisha biti. Baadaye ikaja ya baudi 600 yenye biti 1200, kisha ya baudi 600 ileile yenye biti 2400. Aina iliyoitwa V.32 ilitoa biti 9600 kwa sekunde lakini baudi zake ni 2400 tu, biti nne kwenye kila badiliko. Wauzaji waliandika kwenye maboksi baudi 9600. Haikuwa kweli, lakini ilisomeka vizuri.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya kugeuzia baudi kuwa biti. Ni lazima kujua kwanza kila badiliko linabeba biti ngapi, kisha kuzidisha. Anayekuambia kwamba baudi moja ni biti moja amesema kweli kuhusu mashine ya mwaka 1877 na modemu ya kwanza kabisa, na amekosea kuhusu nyingi zilizofuata.

Kampuni za simu nazo zilikuwa na kipimo chao. Simu ya kidijitali inapima sauti mara 8000 kwa sekunde, na kila kipimo ni biti nane, ndiyo sababu njia moja ya mazungumzo ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ulaya na Afrika zimezoea kufunga njia 32 za namna hiyo kwenye mstari mmoja unaoitwa E1, na 32 mara 64 ni kilobiti 2048. Mafundi husema tu mbili mega, lakini kamili ni megabiti 2 na sehemu 48 za elfu, kwa kuwa katika telekomu kilo ni 1000, si 1024 kama watu wa kompyuta walivyozoea kuhesabu ukubwa wa faili. Mstari mmoja wa E1, kwa hesabu ya waya tu, ni teleksi 40,960 za baudi 50.

Mtu akiifungua E1 na kuangalia ndani, anamkuta Baudot. Njia 32 hazipiti kwa pamoja. Zinapokezana zamu, kila moja biti zake nane, kisha inayofuata, mpaka ya mwisho, na kurudi ya kwanza. Ni ile brashi ya Paris na Bordeaux, isipokuwa badala ya zamu nne inapitia zamu 32, na badala ya mizunguko mitatu kwa sekunde inafanya 8000.

Kwa mnunuzi wa leo, mtego umehamia mahali pengine. Neno mega sasa linabeba vitu viwili. Kifurushi anachonunua mtu kwenye simu huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mwendo unaotangazwa na kampuni huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Mwenye laini ya mega 10 anayepakua filamu ya mega 1000 hufikiri itamchukua sekunde 100. Kwa kweli, hata mtandao ukiwa safi kabisa, ni sekunde 800, dakika 13 na sekunde 20, na mara nyingi anailaumu kampuni kwa kosa lililo kwenye herufi moja: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Kampuni nazo hazina haraka ya kumweleza.

Mwaka 1949, wakati wa mkutano wa kimataifa wa telegrafu na simu mjini Paris, posta ya Ufaransa ilitoa stempu yenye sura ya Baudot. Teleksi wakati huo zilikuwa zinakwenda kwa baudi 50, na zilibaki kwenye mwendo huo.